Mpango wa Kujiamulia wa California: tathmini ya mzazi baada ya miaka mitatu

Kwa miaka mitatu sasa mwanangu, kijana wa miaka 25 mwenye usonji na kifafa, amekuwa akipata huduma zake kupitia Mpango wa Kujiamulia wa jimbo la California, unaompa mwenye ulemavu bajeti ya kuajiri wasaidizi anaowataka mwenyewe, na katika kipindi hicho wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, wa hapa Los Angeles na wa miji mingine ya jimbo hili, wameniuliza mara nyingi kama mpango huu unafaa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiwajibu kwa kusitasita. Leo naweza kusema bila wasiwasi kwamba ni huduma bora kuliko nyingine yoyote ambayo familia yetu imewahi kupewa tangu tulipohamia hapa kutoka Tanga. Hata hivyo, karibu ubora wake wote unategemea hesabu moja inayofanywa kabla mtu hajaingia, na familia nyingi za wahamiaji huipokea hesabu hiyo kama ilivyo bila kujua kwamba sheria inawaruhusu kuijadili.

Ni lazima nianze na sheria yenyewe, kwa sababu bila kuifahamu mzazi atakaa kwenye vikao vyote akidhani anaomba fadhila. Mwaka 1969 California ilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la mbunge aliyeipigania, Frank Lanterman, na sheria hiyo ikawapa watu wenye ulemavu wa ukuaji haki ya kupata huduma zitakazowawezesha kuishi miongoni mwa watu wengine. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya California ilithibitisha kwamba huduma hizo ni stahili ya mtu, na kwamba idara ya serikali haiwezi kuzikata kwa kisingizio cha kubana matumizi. Utekelezaji umekabidhiwa vituo vya kanda 21, ambavyo ni mashirika binafsi yasiyo ya faida yenye mkataba na Idara ya Huduma za Ukuaji ya jimbo, na saba kati yake vimo ndani ya kaunti ya Los Angeles peke yake. Wanaostahili ni wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa au usonji, au hali nyingine inayohitaji matunzo yanayofanana na ya mwenye ulemavu wa akili, ilimradi ulemavu huo ulianza kabla ya miaka 18, unatarajiwa kudumu, na unamzuia mtu kwa kiwango kikubwa katika maisha yake. Hali ya uhamiaji si kigezo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na akina mama wawili waliokaa miaka mingi bila kugusa mlango wa kituo kwa kuogopa kuulizwa karatasi.

Sisi wenyewe tuliingia katika mfumo wa kawaida mwanangu akiwa na miaka 12. Katika mfumo huo kituo cha kanda kinampa kila mtu mratibu wa huduma, kikao kinafanyika, mpango binafsi wa huduma unaandikwa, kisha kituo kinalipa kampuni zilizosajiliwa nacho. Nisingependa kuubeza mfumo huu, kwa kuwa kuna familia zinazohudumiwa nao vizuri sana. Kwetu ulikwama mahali pawili. Mwanangu alipotimiza miaka 22 na haki yake ya elimu maalumu shuleni ikamalizika, alipelekwa katika ukumbi wa shughuli za mchana ambako watu wazima zaidi ya ishirini walikuwa wakikaa mezani kupanga shanga kwa rangi, na kwa mtoto ambaye tangu utotoni hakuwahi kupenda kukaa, kila asubuhi ikawa ni vita ya kumtoa nyumbani. La pili ni lugha. Mwanangu husema maneno machache, na mengi kati ya hayo ni ya Kiswahili: maji, twende, sitaki, inauma. Katika orodha yote ya kampuni zilizosajiliwa hapakuwa na hata moja yenye mfanyakazi aliyejua kwamba «inauma» ni taarifa ya ugonjwa, na kwa mwenye kifafa taarifa ya namna hiyo haipaswi kupotea.

Mpango wa Kujiamulia uliwekwa kisheria mwaka 2013, Gavana Jerry Brown alipotia saini muswada namba 468 wa Seneti. Ilichukua hadi 2018 serikali ya shirikisho kuridhia kuchangia fedha zake, na Oktoba mwaka huo washiriki 2,500 wa kwanza wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mlango uko wazi kwa kila anayehudumiwa na kituo cha kanda na anayekidhi masharti. Msingi wake ni nguzo tano ambazo sheria imezitaja: uhuru wa mtu kupanga maisha yake, mamlaka juu ya kiasi maalumu cha fedha, uwezo wa kupata watu wa kumsaidia, wajibu wa kutumia fedha za umma kwa uangalifu, na kuthibitishwa kwa nafasi yake kama mwamuzi. Kwa maneno ya kila siku, badala ya kituo kukuchagulia kampuni katika orodha yake, unapewa bajeti ya mwaka na unaajiri mtu unayemtaka, kwa malipo mnayokubaliana, awe amesajiliwa na kituo au la.

Hatua ya kwanza ni mafunzo ya utangulizi, ambayo ni ya lazima na yanaweza kufuatiliwa kwa njia ya intaneti. Yetu yalikuwa ya Kiingereza, na mkalimani alipatikana baada ya kuomba kwa maandishi mara mbili. Kituo kina wajibu kisheria wa kuwasiliana na familia kwa lugha inayoielewa, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba Kiswahili hakipo kwenye orodha ya lugha zao. Mkalimani anaweza kuwa kwenye simu, na hilo linatosha.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mpango huu umetungwa na watu waliofikiri. Kabla ya fedha kutajwa, unaandaliwa mpango unaomweka mtu mwenyewe katikati: anapenda nini, anaogopa nini, siku yake nzuri inakuwaje, nani angependa wawe karibu naye. Tulimkodi mwezeshaji huru, ambaye si lazima, ila sheria inamruhusu mshiriki kuwa naye na kumlipa kutoka katika bajeti yake. Alikuja nyumbani mara tatu. Hakutuuliza mimi na baba yake mpaka alipomaliza na kijana. Alimtandazia picha sakafuni, zaidi ya arobaini, akamwachia muda. Mwanangu alizipanga upya kwa karibu saa nzima, na mwishoni akamkabidhi tatu: basi la mjini, bwawa la kuogelea, na kitalu cha miche. Mimi mama yake nilijua habari ya basi na ya maji. Habari ya miche sikuijua kabisa. Baadaye tulikumbuka kwamba bibi yake alipotutembelea alikuwa akimwagilia mchicha na bamia nyuma ya nyumba, na kijana alikuwa akimfuata kila jioni.

Sasa nifike kwenye hesabu niliyoitaja mwanzoni, na hapa naomba wazazi wasome taratibu. Sheria inasema kwamba bajeti ya mtu aliyekuwa tayari katika mfumo wa kawaida inakokotolewa kutokana na kiasi ambacho kituo kilitumia kumhudumia katika miezi 12 iliyopita. Kwa familia iliyokuwa ikipata huduma nyingi, utaratibu huu ni wa haki. Kwa familia ambayo haikujua kuomba, ni kama kupimiwa nguo kwa kipimo cha mtoto wa jirani. Sisi tulikuwa tumelelewa katika desturi kwamba anayepewa hachagui, na kwa miaka kumi tulipokea tulichopewa, tukashukuru, tukarudi nyumbani. Usiku tulikesha kwa zamu tukimwangalia asije akapata degedege usingizini, wala haikutupitia akilini kwamba kuna huduma ya kumpumzisha mlezi ambayo kituo kingeweza kuilipia. Kwa hiyo ilipopigwa hesabu ya miezi 12, tuliletewa kiasi kisichofika dola 12,000 kwa mwaka, ambacho kisingetosha kumwajiri mtu hata kwa nusu siku za kazi.

Tatizo hili si letu pekee. Tangu 2012 sheria ya jimbo inavitaka vituo vya kanda kuchapisha kila mwaka takwimu za fedha zinazotumika kwa watu kulingana na asili yao na lugha yao, na takwimu hizo zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kwamba fedha hazigawanyiki sawa. Bajeti inayojengwa juu ya matumizi ya jana inaurithi upungufu wa jana.

Kilichotuokoa ni sentensi moja iliyo katika kifungu hichohicho cha sheria. Timu ya mpango binafsi inaweza kurekebisha kiasi hicho ikiwa hali ya mtu imebadilika, au ikiwa ana mahitaji ambayo awali hayakushughulikiwa. Mahitaji yasiyoshughulikiwa: hayo ndiyo maneno ambayo kila mzazi mhamiaji anapaswa kuingia nayo kikaoni. Kituo lazima kithibitishe kwamba fedha zilizoongezwa zingetumika hata kama mtu asingejiunga na Mpango wa Kujiamulia, na maana yake ni kwamba unatakiwa kuonyesha kuwa huduma hiyo ni ya haki yake kwa vyovyote vile. Mwezeshaji alitufundisha kuweka daftari. Kwa siku 30 niliandika kila saa ya usiku tuliyoamka, kila degedege, kila mara baba yake aliposhindwa kwenda kazini, kila siku kijana alipokataa kutoka. Daktari wake wa mishipa ya fahamu akatuandikia barua fupi. Tuliomba kikao, ambacho kituo hulazimika kukiitisha ndani ya siku 30 tangu kiombwe, tukaweka daftari mezani, na mkalimani akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

Hatukukubaliwa palepale. Tulipewa jibu la mdomo kwamba nyongeza haiwezekani, na kwa ugeni wetu tungeondoka na jibu hilo kama si mwezeshaji kuomba liandikwe. Kituo kinapokataa ombi lazima kitoe barua ya uamuzi inayoeleza sababu na kifungu cha sheria, na barua hiyo ndiyo inayofungua njia ya rufaa. Mtu ana siku 60 za kukata rufaa. Ikiwa barua inapunguza au kuondoa huduma aliyokuwa akiipata, akiwasilisha rufaa ndani ya siku 30, na kabla uamuzi haujaanza kutekelezwa, huduma inaendelea mpaka shauri limalizike. Rufaa zenyewe sasa hupelekwa kwa idara ya jimbo, na mtu anaweza kuchagua mazungumzo yasiyo rasmi na kituo, usuluhishi, au kusikilizwa mbele ya jaji wa masuala ya utawala. Tulianza na mazungumzo, tukiwa na ushauri wa wakili wa haki za wateja, ambaye kila kituo cha kanda kina wake kupitia shirika la Disability Rights California na ambaye halipwi na familia. Hatukuhitaji kufika kwa jaji. Bajeti ilirekebishwa ikafika karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Tangu tuombe kuingia hadi siku ya kuanza ilikuwa imepita miezi kumi na moja, na naihesabu hii kuwa kasoro kubwa kuliko zote za mpango, kwa sababu si kila mlezi ana nguvu za kusubiri muda huo wote.

Fedha hazipitii mikononi mwa mshiriki. Kila mtu analazimika kuchagua wakala wa fedha, ambaye gharama yake hulipwa na kituo nje ya bajeti ya mshiriki, naye ndiye anayelipa mishahara, kukata kodi, kufuatilia ukaguzi wa rekodi za polisi kwa wafanyakazi wanaomhudumia mtu mwilini, na kutoa taarifa ya matumizi kila mwezi. Kuna njia tatu: wakala anaweza kulipa ankara tu, anaweza kuwa mwajiri pamoja nawe, au unaweza kuwa mwajiri peke yako na yeye akashughulikia makaratasi. Tulichagua ya kati, na ningemshauri hivyo kila asiyewahi kuajiri mtu katika nchi hii, kwa kuwa sheria za kazi za California kuhusu saa za ziada na bima ni nzito. Wakala wetu wa kwanza alichelewesha mshahara wa msaidizi mara mbili katika robo ya kwanza ya mwaka, na kijana wa watu akakosa nauli. Tulihamia kwa mwingine, jambo linaloruhusiwa, ila tuligundua kwamba mawakala wengi wana orodha ya kusubiri. Ulizeni mapema, hata kabla bajeti haijapitishwa.

Na msaidizi mwenyewe? Tulimpata kupitia kanisa la Wakongo lililo umbali wa dakika ishirini kutoka kwetu. Ni kijana aliyezaliwa Bukavu, mdogo wa mwanangu kwa miaka mitatu, na tangu siku ya kwanza humwita «yaya», kama wao wanavyomwita kaka mkubwa. Kiswahili chake si cha Tanga, na wiki za mwanzo walikuwa wakisikilizana kwa kukisia, lakini neno «inauma» analijua, na amefundishwa la kufanya degedege inapokuja. Siku nne kwa juma huondoka pamoja kwa basi la mjini. Mara mbili huenda bwawani, ambako mwalimu wa kuogelea hulipwa kutoka katika bajeti. Shughuli za namna hii zilikuwa zimesimamishwa na jimbo tangu 2009 kwa sababu za kifedha, zikarejeshwa 2021. Siku mbili nyingine huenda kwenye kitalu cha miche, ambako mwanangu hujaza udongo katika vikopo na kumwagilia. Mwaka wa kwanza alikuwa akijifunza. Tangu mwaka jana analipwa na mwenye kitalu kwa saa sita za juma. Asubuhi huvaa viatu mwenyewe, husimama mlangoni na kusema «twende».

Ni vyema pia mjue mpango huu haununui nini, kwa sababu nimesikia watu wakizungumza kana kwamba ni fedha za kufanyia lolote. Bajeti hailipi kodi ya nyumba wala chakula. Huduma lazima iwe ya aina ambayo serikali ya shirikisho inakubali kuichangia, tena itolewe mahali ambapo mtu hatengwi na jamii. Kile kinachopatikana kwa njia nyingine, kama Medi-Cal, yaani bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, shule, au mpango wa jimbo unaowalipa wahudumu wa nyumbani, lazima kitafutwe huko kwanza. Ndani ya bajeti kuna mafungu matatu, yaani makazi, kazi na ushiriki katika jamii, na afya na usalama, na mshiriki anaweza kuhamisha hadi asilimia 10 ya fungu moja kwenda jingine bila kumwomba mtu ruhusa. Uhuru huo mdogo ulitusaidia sana mwezi ambao kijana aliongezewa dawa na akahitaji mtu wa kukaa naye mchana kwa wiki mbili.

Kwa nani basi ninaupendekeza? Kwa familia yenye mtu mmoja walau anayeweza kutenga saa tatu au nne za juma kwa karatasi na simu, ninaupendekeza bila kusita. Kwa mzazi aliye peke yake, anayefanya kazi mbili, na ambaye huduma za mfumo wa kawaida zinamridhisha mwanawe, nisingemsukuma. Anaweza kubaki alipo na haki zake ni zilezile, pamoja na haki ya kulalamika na kukata rufaa. Aliyeingia akaona mzigo ni mzito anaruhusiwa kutoka wakati wowote na kurudi katika mfumo wa kawaida, isipokuwa akitoka atasubiri miezi 12 kabla ya kuomba tena. Kwa anayehama kutoka eneo la kituo kimoja kwenda kingine ndani ya jimbo, bajeti yake inamfuata.

Ombi langu kwa vituo ni kwamba mafunzo ya utangulizi yarekodiwe kwa Kiswahili. Familia zetu katika jimbo hili si chache tena, hasa baada ya wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo kupokelewa hapa, na mkalimani wa simu hawezi kumfafanulia mtu jedwali la bajeti asiloliona. Kwa wazazi ninao ushauri wa jambo moja la kufanya wiki hii, kabla ya kuhudhuria mafunzo yoyote: andikeni barua kwa mratibu wenu wa huduma mkiomba nakala ya taarifa ya matumizi ya miezi 12 iliyopita ya mtoto wenu. Someni kila mstari, kisha kaeni na daftari muandike kila kazi ya malezi mnayoifanya ninyi usiku na mchana ambayo haimo katika karatasi hiyo. Bajeti yetu ya mwaka wa nne inajadiliwa mwezi ujao, na daftari langu la mwaka huu limefika ukurasa wa 61.